Nani Atamchimbia Nkuba? Sehemu ya Saba

Pikipiki ilisimama pale pale langoni kwa Mama Ng'washi. Nyie mlionipigia simu wiki nzima, "Mwandishi, imesimama kwa nani?", haya, mmejua. Na yule bwana wa Makambako aliyeniita mchawi kwa kukatisha hadithi pale, leo asome polepole, asije akanipigia tena saa ya chakula.

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea nikuweke sawa. Nkuba, fundi mwashi, mume wa Paskalina, huyo huyo Mama Ng'washi, alifariki Alhamisi kwa kifua. Mwili uko mochwari. Mdogo wake, Kulwa, anatoka Ubaruku na ndugu, na Ng'washi, binti pekee wa marehemu, yumo humo garini. Watapitia mochwari, watafika na jeneza saa tisa alasiri, leo hii Jumamosi. Na hapa mtaani Isangala Chini, jijini Mbeya, hakuna jembe hata moja lililogusa udongo.

Nyumba ya Nkuba imetengwa. Kitabu cha msaragambo kinasema hajatokea Jumamosi hata moja tangu mwaka jana. Na huku kwetu, asiyetokea kwenye kazi ya wote na misiba ya wenzake, siku yake ikifika hachimbiwi. Eneo la kaburi humnyimi mtu. Unamnyima mikono.

Vibarua wa stendi walikataa tangu jana. Makaburi ni ya mtaa, na hakuna kibarua anayetaka kufukuzwa makaburini. Na Kulwa alishasema kwenye simu, maneno machache, ya Kisukuma chake na Kiswahili mchanganyiko: "Shemeji, kama hapo hamna watu wa kumzika kaka, nampeleka Ubaruku kwenye watu." Paskalina akajibu nini? Akajibu, "Wanachimba, shemeji. Njooni tu."

Wanachimba! Mungu wangu.

Basi pikipiki iliposimama, Paskalina alitoka mbio, kitenge kinamdondoka. Mtangazaji wa mtaa, Sedekia, alikuwa amekaa juu yake, kipaza sauti kimefungwa nyuma kwa mpira. Kama Sedekia ametumwa kutangaza msiba wa Nkuba, maana yake mtaa umelegea. Maana yake wanaume wanakuja.

"Habari za asubuhi wakazi wa Isangala Chini!" Sedekia alipaza, macho yake kwenye tangi la mafuta. "Leo msaragambo saa mbili, kiwanja cha zahanati, kila kaya mtu mmoja, jembe au ndoo! Wanaotaka kujitolea kupika uji shuleni, majina kwa Katibu Devotha! Ulinzi shirikishi wanahitajika vijana sita wa kujitolea, wasiokunywa! Chanjo ya watoto Jumatano! Anatafutwa mtu wa kujitolea kuwafundisha wamama kusoma, aje na chaki zake! Kuna mbuzi mweupe ameonekana kisimani, mwenyewe akamchukue!"

Paskalina alingoja. Sedekia akafuta kipaza sauti kwa mkono wa koti.

"Mwisho wa tangazo."

"Na msiba?"

"Mama Ng'washi, mimi nasoma nilichoandikiwa."

"Sasa umesimama kwangu kufanya nini?"

"Mpira umelegea. Nimesimama kuukaza." Akaukaza kweli, akapiga kiki, akaondoka. Mbuzi alitangazwa. Nkuba hakutangazwa.

Paskalina alikaa chini pale langoni, kwenye baridi ya mwezi wa saba, bila hata kutandika kitu. Hakulia. Alishalia sehemu ya nne na ya tano, mnakumbuka. Alikaa tu, akihesabu saa. Ilikuwa saa mbili kasoro. Kufika saa tisa ni saa saba tu.

Ndipo mabua yakalia nyuma ya nyumba.

Devotha, katibu wa mtaa, ndiye mwenye kitabu cha msaragambo. Ni jirani wa Paskalina, na zamani walikuwa wakisukana nywele. Alitokea katikati ya mabua ya mahindi ameinama, anatazama huku na huku.

"Simama haraka, kabla sijaonekana," alisema. "Jana dukani nimekutana na mwanamke wa ng'ambo ya kijito, Isangala Juu. Ananipa pole ya Nkuba huku analia. Analia kweli kweli! Nikamuuliza, wewe unamjulia wapi? Akaniambia Nkuba ndiye aliyemchimbia mama yake kaburi."

"Lini?"

"Mwezi wa pili. Mwaka huu huu."

Paskalina alisimama.

Hapa inabidi mwelewe jambo moja. Zamani Isangala ulikuwa mtaa mmoja. Mwaka jana wakubwa wakakaa, wakaupasua kwenye kijito: huku Juu, huku Chini, kila upande na mwenyekiti wake, kitabu chake na makaburi yake. Nyumba ya Nkuba ikaangukia Chini, hatua arobaini tu kutoka majini. Majirani zake wote wakahamia kitabu kipya cha Chini. Nkuba, Jumamosi ikifika, alichukua jembe lake akavuka kijito kama alivyovuka miaka kumi na tisa. Hakuna aliyemkataza ng'ambo. Mchimbaji akija kuchimba, nani atamfukuza?

"Kila Jumamosi alirudi na tope mpaka magotini," Paskalina alisema. "Mimi nikajua mnamwandika."

"Kwetu hana hata alama moja. Na kwao hayumo kitabuni, maana si mtu wao tena." Devotha akamshika mkono. "Amechimba mwaka mzima, Mama Ng'washi, na hakuna kitabu kinachomjua. Nenda kwa Yotamu. Nenda sasa. Na mimi hujaniona."

Akarudi kwenye mabua.

Yotamu ndiye mkuu wa wachimbaji wa Isangala Juu. Mzee mrefu, mkimya, hasemi neno mpaka amelipima. Paskalina alimkuta uani anagongea mpini wa sululu.

"Kamwene," Paskalina alimsalimu kwa Kihehe chake, maana akichanganyikiwa hurudi Iringa mwenyewe.

"Kamwene, mama. Pole sana. Kaa."

"Sikai, baba. Nijibu moja. Nkuba alikuwa anakuja huku?"

Yotamu aliweka sululu chini.

"Alikuwa anakuja? Tumechimba naye makaburi kumi na moja tangu tugawanywe. Hata la mke wangu, ndiye aliyelinyoosha kuta. Fundi yule! Kaburi lake ungeweza kupima kwa pima maji." Akapangusa vumbi viganjani. "Tulimwambia, Nkuba, jiandikishe kwenu. Akasema, mtu haachi wazikaji wake."

Ah, Nkuba! Kichwa kigumu kilichotaka kuzikwa na watu wake, na kumbe watu wake walishaandikwa upande mwingine.

"Basi njooni mumchimbie," Paskalina alisema. "Jeneza linafika saa tisa. Nakuomba kwa magoti."

"Usipige magoti. Hatuwezi."

"Baba!"

"Nisikilize. Jembe la ng'ambo haliingii makaburi ya watu bila kuitwa na mwenyekiti wao. Ukichimba kwa watu hawajakuita, unawaombea msiba. Kesho mtoto wao akiugua, watasema ni sisi."

"Basi azikwe huku kwenu."

Yotamu alitikisa kichwa. "Zimebaki nafasi tisa. Wazee wetu kila mmoja ameshachagua yake, na wengine wanaenda kukaa juu yake Jumapili. Tuligawana kwa maandishi, mama. Chini kwa Chini, Juu kwa Juu."

Msinune. Na mimi niliposikia nilitaka kuchana karatasi. Lakini Yotamu hakuwa amemaliza. Alichukua kofia yake.

"Gerson ndiye mwenyekiti wenu. Akiniita kwa mdomo wake, mbele ya watu, wanaume wangu kumi wako kwenye makaburi ndani ya nusu saa. Kumi, mama. Kaburi ni kazi ya saa tatu. Twende nikamsemee Nkuba."

Wakavuka kijito wakikimbia, mzee na mjane. Saa nne ilikuwa bado.

Kiwanja cha zahanati kilijaa. Wanaume walikuwa wanachimba msingi, wanawake wamepanga mstari wanapokezana matofali. Mwenyekiti Gerson, mwalimu mstaafu, alikuwa katikati na mabuti yake ya mvua, anahesabu kaya. Watu walipomwona Paskalina, mjane aliyepaswa kuwa ndani amekaa kwenye mkeka, matofali yalisimama mikononi.

Yotamu alivua kofia.

"Mwenyekiti, mimi ni mtu wa Juu, sina sauti hapa. Naomba niseme neno moja la marehemu."

"Sema."

Akasema. Makaburi kumi na moja. Jumamosi kwa Jumamosi, jina kwa jina. Alivyo mkimya yule mzee, siku ile aliongea kuliko mwaka mzima. Watu walianza kutazamana. Fundi mmoja kwenye msingi aliegemea koleo lake, akasema kwa sauti, "Kumbe!" Na hiyo "kumbe" ikapita kiwanja kizima.

Gerson alifunga daftari.

"Sisi tulimtenga mtu kwa uvivu," alisema. "Sasa naambiwa hakuwa mvivu. Alikosea kijito. Jamani, kuna mtu ana neno, kabla sijaita wachimbaji?"

Mioyo ilishalainika, nakwambieni. Wanaume wawili walikuwa wameshaweka majembe begani. Paskalina alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akavuta pumzi ikafika chini.

"Mimi ninalo."

Alikuwa Eveline. Mwanamke mdogo, mwembamba, tofali bado mkononi. Mume wake yuko Chunya kwenye dhahabu, na mwezi wa tano alimzika mtoto wao wa pekee, wa miaka mitatu.

"Mwanangu alipofariki sikuwa na wa kumtuma," Eveline alisema. "Nilizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba, kitambaa cha kilio kichwani, naomba wachimbaji. Ilikuwa Jumamosi, saa nane. Nilifika kwa Nkuba. Nikaambiwa hayupo. Mabuti yake yalikuwa mlangoni, yana tope bichi. Nilisimama pale nikiyatazama." Akalihamishia tofali mkono mwingine. "Kaka zangu wawili ndio waliochimba, mvua inanyesha, shimo linajaa maji. Mtu aliyejificha ndani mimi nikimlilia mlangoni, leo achimbiwe?"

Majembe mawili yalishuka kutoka mabegani.

"Jumamosi gani hiyo?" Yotamu aliuliza taratibu.

"Ya pili, mwezi wa tano."

"Siku hiyo Nkuba alichimba kwetu. Nakumbuka, tulimzika shemeji yangu. Alikuwa na sisi."

"Mpaka saa ngapi?" Gerson aliuliza.

Yotamu alifikiri. "Mchana. Saa sijui. Sikuvaa saa."

"Basi!" Gerson alipiga daftari kwa kiganja, na uso wake ulifurahi, maana alikuwa anatafuta pa kutokea. "Alikuwa ng'ambo. Hakuwepo kweli. Eveline mwanangu, ulikuwa na uchungu. Uchungu unaweza kuona buti. Labda yalikuwa mabuti mengine. Mzee Yotamu, mimi Gerson, mbele ya watu hawa, nawa..."

"Naitwa mwongo?" Eveline aliuliza. Hakupiga kelele. "Nimemzika mtoto, na sasa naitwa mwongo mbele ya mtaa?"

Tofali lilimdondoka likavunjika vipande viwili.

Sasa sikilizeni. Kuna jambo sikuwaambia wiki zote sita, na msinilaumu, maana Paskalina mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu. Aliyekwenda mlangoni siku ile alikuwa yeye. Aliyesema "hayupo" alikuwa yeye. Na Nkuba alikuwa hatua nne nyuma yake, kitandani.

Angenyamaza tu. Neno moja la Gerson lilikuwa limebaki nusu mdomoni. Neno "nawaita" tu, kisha wanaume kumi na kaburi lenye kuta zilizonyooka, na Nkuba karibu naye mpaka siku yake ifike. Ungekuwa wewe, msomaji, ungefanya nini? Usinijibu haraka. Mtazame kwanza Eveline pale alipo, mikono mitupu, watu wanamwonea huruma kama mwehu.

"Hakusema uongo," Paskalina alisema.

Gerson aligeuka. "Nini?"

"Mabuti yalikuwa ya Nkuba. Alikuwepo. Mimi ndiye niliyesema hayupo."

Gerson alishusha daftari.

"Alirudi saa saba kutoka kuchimba, anatetemeka," Paskalina alisema, na maneno yakatoka yanagongana. "Alikohoa damu kwenye beseni. Nilimlaza. Ulipobisha, Eveline, alinyanyua kichwa, akaniuliza nani. Nikamwambia muuza mchicha. Ningemwambia ni msiba wa mtoto angeamka, namjua, angeamka akafie kwenye shimo la mwanao. Hakujua. Mpaka amekufa hakujua kwamba ulikuja. Kosa si lake. Kosa langu. Liniangukie mimi." Akapiga magoti kwenye vumbi la msingi, mbele ya Eveline, mikono miwili chini. "Nisamehe, mwanangu."

Msema kweli mpenzi wa Mungu, ndivyo tunavyowafundisha watoto. Hatuwaambii watu watamfanya nini.

Eveline alimtazama.

"Nimesikia," alisema. Akainama, akaokota vipande viwili vya tofali lake, akarudi kwenye mstari. Hakusema zaidi ya hapo.

Ila wanawake wengine walisema. "Kwa hiyo sisi waume zetu ni wazima?" "Wangu alichimba na malaria!" "Mfiwa unamwambia hayupo? Mfiwa?" Sauti zikapanda. Gerson alinyoosha mkono mpaka wakatulia. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla.

"Mama Ng'washi, umetubu mbele ya watu, tumepokea," alisema. "Lakini kanuni unaijua, uliipigia kura mwenyewe. Kukosa Jumamosi ni jambo jingine. Kaya iliyomfungia mlango mfiwa, ikitubu, inahudumia misiba mitatu kwanza. Inachota maji, inapika, inachimba. Misiba mitatu. Baada ya hapo ndipo na yenyewe inazikiwa."

Paskalina alikuwa bado magotini. Alikuwa hajala tangu Alhamisi, hajalala, na mumewe alikuwa njiani kwenye sanduku. Akanyanyua uso, na likamtoka neno ambalo hata mimi ningempa mwaka wangu mmoja wa maisha alirudishe.

"Kwa hiyo ningoje watu watatu wafe?"

Lilikuwa swali la mwanamke aliyechoka. Lakini alilisema kaburi la mumewe likiwa halijachimbwa, mbele ya wamama wenye watoto migongoni, akiwa mjane wa siku mbili. Na maneno ya mjane wa siku mbili, huku kwetu, hayaanguki bure.

Mama mmoja alifunika kichwa cha mtoto wake kwa kitenge. Mwingine akatema mate chini.

"Mmesikia?" mwanaume mmoja alisema kutoka kwenye msingi. "Anatuhesabia vifo."

"Sikusema hivyo! Jamani, sikusema hivyo!"

"Ametuhesabia. Watatu!"

Gerson alifungua daftari lake, akalifunga, akageuka akaangalia msingi. "Kazi iendelee," alisema kwa sauti ndogo.

Yotamu alirudisha kofia kichwani. Paskalina alimshika koti.

"Baba, unaniacha?"

"Nilikuja kumsemea Nkuba, mama. Nimemsemea." Akautoa mkono wake kwenye koti, kwa upole, kidole kimoja kimoja. "Kwa ulilotamka, wanaume wangu hawatavuka. Hata nikiwalazimisha."

Akaondoka. Matofali yakaanza tena kupokezana, na mstari ukapita pembeni yake pale alipopiga magoti, watu wakinyoosha mikono juu ili wasimguse.

Saa tano kamili Paskalina alikuwa makaburini.

Alibeba sululu la Nkuba, jembe na koleo. Mjane hachimbi. Haijawahi kuonekana. Mjane anakaa kwenye mkeka, anashikwa mabega na wenzake, anapewa uji kwa kijiko. Yeye alikuwa na kamba na vijiti vinne. Akapima kaburi kwa kumbukumbu ya mwili wa mume wake, maana aliujua urefu wake kuliko tepu yoyote, akaongeza kiganja huku na kiganja huku.

Udongo wa juu ulikuwa laini, ukampa moyo. Saa sita alikuwa ameshuka mpaka magotini. Akafikia changarawe. Sululu likaanza kurudi mikononi, ngozi ya viganja ikachubuka, akararua pindo la kitenge akafunga.

Saa saba alimwona mtu kwenye uzio. Devotha. Alikuwa na chupa ya maji. Aliiweka juu ya kaburi la mtu mwingine, mbali, hatua kama ishirini.

"Devotha! Hata robo saa tu. Nisaidie kutoa udongo."

"Sijaja," Devotha alisema, machozi yanamshuka. "Nikishika hilo koleo na mimi wataniandika, na mama yangu ni mgonjwa, unajua. Mama yangu atazikwa na nani? Hujaniona, Mama Ng'washi."

Akaondoka haraka. Paskalina alitoka shimoni, akaenda kunywa maji, akarudi.

Saa nane akawa amefika kiunoni. Simu yake iliita mara tatu juu ya lundo la udongo. Hakuipokea. Aliona jina la Kulwa likiwaka na kuzima, akaongeza kasi, anachimba bila mpango sasa, kuta zimepinda, upande wa kichwa mpana kuliko upande wa miguu. Nkuba angelicheka kaburi lile. Nkuba angesema, "Mama Ng'washi, hiyo ni pima maji ya Iringa?" Na hapo ndipo alipolia, akichimba, kamasi na vumbi, akimwita kwa jina alilokuwa hamwiti mbele za watu.

Saa tisa na dakika kumi, gari.

Kulwa alikuwa amekwenda kwanza nyumbani. Alikuta mlango umefungwa, hakuna mkeka, hakuna moshi wa jikoni, hakuna kiti hata kimoja uani. Sedekia, aliyepita na pikipiki yake, ndiye aliyewaelekeza makaburini. Na Sedekia, mdomo wake ulivyo, hakuwaelekeza njia tu. Aliwaeleza yote.

Gari lilisimama kwenye uzio, jeneza likiwa nyuma limefunikwa shuka jeupe. Kulwa alishuka. Bonge la mtu, mfugaji, shati jeusi limebana. Alitembea mpaka ukingoni mwa shimo, akatazama chini.

Paskalina alikuwa shimoni mpaka kifuani, vipande vya kitenge vimeloa damu viganjani.

"Wachimbaji wako wapi, shemeji?"

"Ni mimi."

"Nauliza watu. Watu wako wapi?"

"Limebaki kidogo, shemeji. Nisaidieni na ndugu hapo garini, saa moja tu, tumlaze kabla jua halijazama. Nakuomba."

Kulwa alilitazama lile shimo lililopinda. Aliutazama mtaa nyuma yake, mabati yanawaka juani, na hakuna mtu hata mmoja barabarani. Nadhani alitaka kulia, lakini ndugu zake walikuwa wanamtazama kutoka garini.

"Kaka yangu amekaa hapa miaka kumi na tisa," alisema. "Amewajengea nyumba. Leo hana hata mtu mmoja wa kumshikia koleo, kwa sababu ya mdomo wako. Nimesikia yote, shemeji. Umedanganya mara mbili. Ulimdanganya mfiwa, na mimi ukaniambia wanachimba."

"Niliogopa utamchukua."

"Sasa namchukua." Akageuka. "Geuza gari! Twende Ubaruku. Huko atazikwa na watu."

"Shemeji! Basi nipandisheni na mimi! Nivuteni nitoke!"

Alitupa jembe, akashika ukingo. Udongo ukamegukia ndani. Akashika tena, changarawe ikaporomoka, akaangukia magoti ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe. Juu alisikia injini inanguruma, matairi yanazunguka kwenye mchanga.

"Ng'washi!" alipiga ukelele. "Ng'washi mwanangu!"

Mlango wa gari ukafunguka.

"Ng'washi," sauti ya Kulwa ilisema, na haikuwa na hasira tena, ilikuwa imechoka. "Sikuzuii. Lakini ukishuka kwa mama yako, baba yako muage hapa hapa. Hili gari halisimami tena mpaka Ubaruku, na tunazika leo leo."

Paskalina alijinyoosha kwa vidole vya miguu mpaka macho yake yakafika juu ya lundo la udongo. Aliona kiatu cha binti yake, cheusi, kipya, alichonunuliwa kwa ajili ya msiba. Mguu mmoja wa Ng'washi ulikuwa chini kwenye vumbi, mwingine bado uko garini, na dereva akaachia breki.